Nuru ya saa nne safarini

Jana saa mbili usiku umeme ulikatika hapa mtaani, Moshi nzima kwa upande wetu giza totoro. Tukatoka barazani na binti yangu wa darasa la sita. Juu palikuwa na nyota moja kubwa, imetulia, haimetimeti. Nikamwambia: ile ni sayari ya Mshtarii (Jupita), mwanangu, na haina nuru yake. Unayoiona ni ya Jua.

Akanyamaza kidogo. "Si Jua limeshazama, mama?"

Swali hilo limenikaa moyoni mpaka sasa. Limezama kwetu tu; Mshtarii bado linaiangaza. Nuru ya Jua hutufikia kwa dakika 8 na kitu, lakini kufika Mshtarii ni kama dakika 43, kisha irudi tena huku kwetu. Ile tuliyoitazama ilitoka kwenye Jua zaidi ya saa moja kabla, mimi bado nachagua mchicha Mbuyuni!

Sayari ya Neptuni ndiyo mbali hasa: nuru ya Jua huifikia kwa zaidi ya saa 4, tena imefifia. Nikawasha mshumaa, nikamshikisha daftari. Hatua moja, karatasi inang'aa. Hatua mbili, nuru ileile imetawanyika eneo mara nne, maandishi yamefifia. Neptuni iko mbali na Jua mara 30 kuliko sisi, kwa hiyo inapata sehemu 1 tu kati ya 900. Na bado, mchana wa huko una mwanga mara mamia kuliko mbalamwezi yetu.

Umeme uliporudi akaniomba nizime taa.