Riboni iliyokwisha usiitupe hivi hivi

Wenye studio za picha za pasipoti, hili linawahusu. Jana nabadilisha riboni, ule utepe wa rangi, ya ile printa ndogo, mteja niliyetoka kumpiga picha akaivuta ya zamani aitazame. Kajikuta! Sura yake ya njano, mbele yake ya pinki, kisha ya buluu, zote kama negativu.

Ndivyo hizi printa za joto zilivyo. Karatasi inaingia na kutoka, kila safari rangi moja. Kichwa cha printa kikipata moto, rangi inahama kutoka kwenye riboni na kuzama kwenye karatasi. Moto ukiongezeka, rangi inakolea. Safari ya mwisho ni plastiki angavu ya kinga. Wino wa maji haumo, ndiyo maana picha inatoka kavu kabisa. Ila kwenye printa ndogo kama hii riboni hairudi nyuma. Hata uchape kipicha kidogo kwenye karatasi nyeupe, kipande kizima cha kila rangi kimeliwa. Hapo ndipo mfuko unapolia, jamani.

Sisi zilizokwisha tunazikatakata kwa mkasi. Za printa za vitambulisho ndiyo balaa zaidi: kwenye kile kipande cheusi cha riboni, jina na namba ya mtu unazisoma vizuri tu.