Mpira wa shingoni sio wa kukaa nao

Jamani leo naongea na nyie mnaouguza mtu wa figo, na wagonjwa wenyewe kama mko huku. Mimi kazi yangu ni kitengo cha kusafisha damu, na kinachonikera kuliko vyote ni mtu ambaye figo zimeshagoma, kaanza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kwa mpira wa shingoni, daktari anamwambia twende tukutengenezee fistula mkononi, anakataa. "Sista, mkono wangu msiuguse, huu mpira mbona hauniumi." Na kweli hauumi, ndo maana watu wanauzoea.

Sasa huo mpira umepita kwenye mshipa mkubwa wa shingo na ncha yake iko karibu kabisa na moyo, halafu upande wa pili unaning'inia nje kwenye jasho na vumbi. Tukifungua vifuniko vyake tunavaa barakoa sisi na mgonjwa pia, tunasugua kwa dawa, lakini mdudu akipata upenyo hana safari ndefu, ni moja kwa moja kwenye damu. Mtu anakuja vizuri tu anapiga stori, tunamuunganisha, mashine haijazunguka hata saa nzima anaanza kutetemeka mablanketi mawili hayatoshi, kumbe wadudu walikuwa wamejificha ndani ya mpira na pampu imewasukumia mwilini. Bado hujasema kuganda, bado hujasema ule mshipa wenyewe kusinyaa. Mpira ni wa dharura, au wa yule ambaye mishipa yake imegoma kabisa.

Fistula ninayosema sio ile ya uzazi eti. Hapa daktari anachukua ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, na vena, ule unaoirudisha, mara nyingi pale karibu na kiwiko au kifundo cha mkono, anaziunganisha, na wengi wanafanyiwa kwa ganzi ya mkono tu. Damu ya ateri ina presha, ikiingia kwenye vena, vena inatanuka na kuta zake zinakuwa nene. Haiivi siku hiyohiyo, ni wiki 6 kwenda juu na wengine miezi mitatu, kwa hiyo ukisubiri mpaka uzidiwe umeshachelewa, utaingia kwa mpira tu hamna namna. Tunachotaka ni mshipa wa upana wa milimita 6 hivi, usiwe umezama sana, na damu inayopita isipungue mililita 600 kwa dakika.

Mbona nyingi hivyo? Kwa sababu pampu inavuta kama mililita 300 kila dakika, mshipa wa kawaida wa mkono ukiuvuta hivyo unajifunga tu na mashine inapiga kelele. Piga hesabu ya saa 4, ni lita 72, wakati mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, yaani damu ileile inapita kwenye kichujio zaidi ya mara kumi. Ila damu iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kidogo, robo lita au pungufu, kwa hiyo ndugu mnaoziangalia zile neli nyekundu na kuanza kulia tulieni. Umeme ukikatika pia msikimbie, mashine nyingi zina betri ya kuendesha pampu kwa muda, na ikifa kuna mkono wa chuma tunazungusha wenyewe mpaka damu yote irudi.

Zamani hata hii nafasi haikuwepo. Daktari Kolff kule Uholanzi alitengeneza mashine miaka ya vita, 1943, lakini kila awamu ilikuwa inakula mshipa, mishipa ikiisha na mgonjwa ndo basi. Mwaka 1960 daktari Scribner wa Seattle, Marekani, akaweka mirija ya Teflon, aina ya plastiki, ya kubaki mkononi, mgonjwa wake Clyde Shields akaishi miaka 11 zaidi. Hii fistula wameitangaza madaktari Brescia na Cimino na wenzao wa New York 1966 na mpaka leo haijapata mpinzani. Ile mirija ya plastiki inayofukiwa chini ya ngozi ipo, inasaidia wenye mishipa midogo, ila inaziba na kuingiwa na wadudu kwa urahisi zaidi.

Basi kama figo zimeanza kuchoka chagua mkono mmoja, usioutumia sana, uulinde kuanzia leo. Dripu hapana, kutoa damu hapana, wakichoma wachome mgongo wa kiganja cha mkono mwingine. Ukishapata fistula hata presha wasipimie mkono huo, saa ya kubana vua, mfuko wa sokoni usiutundike hapo, usiulalie. Na zile "Sista nichome palepale pa juzi, hapaumi" sikubali, sindano zenyewe ni nene na pakichomwa hapohapo kila siku panavimba nundu na ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi.

Kila asubuhi weka vidole juu ya fistula, utasikia inatetemeka. Siku ukigusa na pametulia kimya usisubiri siku yako ya mashine, hata kama ni Jumapili nenda hospitali saa hiyohiyo, damu ikiwa imeganda muda mfupi bado kuna uwezekano wa kuizibua.