Ganzi ya Kidole Gumba

Jioni ile ya mwaka 2017, Berlin, tulikuwa jozi sita za watu wazima kwenye darasa la shibari, ufungaji wa kamba wa Kijapani. Mimi nilifunga, rafiki yangu wa Mombasa alifungwa.

Niliingia na dhana mbili nilizookota mitandaoni: kwamba sanaa hii tumeachiwa na samurai kama ilivyo, na kwamba hatari yake ni damu kusimama. Ya kwanza mwalimu aliimaliza upesi. Kweli enzi ya Edo (1603–1868) wafungwa walifungwa kwa kamba kwa ustadi mkubwa, lakini ufungaji huu wa watu walioridhiana umekua karne ya 20, kupitia mchoraji Ito Seiu na majarida ya baada ya vita kama Kitan Club. Ya pili iliumiza mtu.

Kamba ilikuwa ya juti, unene milimita 6, urefu mita 8, imekunjwa katikati. Ni laini kuliko katani ya kwetu Tanga, ila haivutiki ovyo na nyuzi zake hung'ang'aniana, kwa hiyo mafundo ni machache. Kazi kubwa hufanywa na msuguano. Kamba ya pamba, ambayo wengi huiona salama kwa ulaini wake, huvutika na fundo lake hukaza hata likakataa kufunguka.

Tulikuwa tunajifunza takate-kote: mikono nyuma ya mgongo, vigasha vimelala sambamba, kisha kamba inazunguka kifua pamoja na mikono ya juu. Mizunguko hulazwa bapa, ubavu kwa ubavu, igawane uzito. Wangu mmoja ulipanda juu ya mwenzake, ukabana mstari mwembamba nje ya mkono, katikati ya bega na kiwiko, pale mshipa wa fahamu unaoinua kiganja unapopita umeegemea mfupa.

"Kidole gumba kinakufa ganzi," akasema.

Nikabonyeza kucha zake. Zikageuka nyeupe, zikarudi waridi. "Damu inapita, ngoja kidogo tu."

Mwalimu alikuwa ameshafika. "Mfungue. Sasa hivi." Mkasi wa ncha butu ulikuwa hatua moja kutoka kwetu, ila mzunguko wa juu ulifunguka kwa mkono. Akamwambia rafiki yangu ainue kiganja kama anayesimamisha gari. Kikaning'inia.

Damu ikizuiwa, mkono hubadilika rangi, na ukifunguliwa mapema hurudi baada ya dakika chache. Mshipa wa fahamu ukibanwa, rangi inaweza kubaki nzuri kabisa, na kupona kukachukua wiki, hata miezi. Anayejua wa kwanza ni yule aliye ndani ya kamba. Alinieleza, nami nikaziamini kucha kuliko yeye.

Wiki ya tatu aliinua kiganja, akakishikilia juu. Kisha akavishika vidole vyangu, akavibandika nje ya mkono wake.

"Hapa," akasema, "usipite tena."