Namna Nilivyovirejesha Viti vya Henzirani vya Bibi Yangu

Viti vinne vya henzirani vilivyobaki katika nyumba ya marehemu bibi yangu, mtaa wa Mkunazini, Zanzibar, vilikuwa tayari vimewekwa kando ili vitolewe, nami nikaviomba kwa sababu niliona kuwa mbao zake zilikuwa bado nzima. Kilichoharibika ni uwambo wa kukalia, yaani zile nyuzi za henzirani zilizosukwa, pamoja na rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Viti vya namna hii vimo katika sebule nyingi za Mji Mkongwe, na kwangu mimi ni hasara kubwa kuvitupa na kuweka vya plastiki mahali pake.

Kwenye duara la kukalia la kiti kimoja, upande wa ndani, nilikuta muhuri wa jina la Thonet. Michael Thonet, seremala Mjerumani aliyehamia Vienna, alikuwa akilainisha mbao kwa mvuke kisha akizikunja katika kalibu za chuma, na kiti chake nambari 14 cha mwaka 1859 kina vipande sita tu vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kuingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, ndiyo maana vilisafirishwa kwa wepesi katika meli. Nilipolijua hilo nilitambua la kufanya: kiti kilichoundwa ili kifunguliwe hakifai kukazwa kwa misumari. Niling'oa misumari yote iliyoongezwa baadaye, na skrubu zilizoliwa na kutu nikazibadilisha kwa za shaba njano, zinazostahimili hewa yetu ya chumvi.

Rangi niliikwangua taratibu, nikamalizia kwa msasa laini, kwani msasa mkali huondoa mviringo wa mbao. Baada ya hapo nilipaka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba nyembamba, bila ya vanishi nzito. Vitambaa vilivyotumika ni lazima vitandazwe vikauke, kwa kuwa vikirundikwa pamoja vinaweza kushika moto vyenyewe.

Kuwamba ndiko kulikonifunza subira. Mzee mmoja fundi wa jirani, niliyempelekea kiti cha kwanza, alinionyesha namna ya kurowesha nyuzi za henzirani katika maji ya vuguvugu, kuweka upande unaong'aa juu, na kupitisha safu ya kwanza kutoka nyuma kwenda mbele, ya pili juu yake kwa upana, ya tatu tena nyuma kwenda mbele, na ya nne kwa upana huku ikisukwa ndani ya zile zilizotangulia. Safu ya tano na ya sita hupita mshazari, kila moja kwa upande wake, na hapo ndipo matundu ya pembe nane yanapojitokeza. Nilipokuwa nikivuta kwa nguvu alinizuia: “Taratibu, mwanangu. Ukikauka utajikaza wenyewe.” Ni kweli kabisa, uwambo uliokuwa laini jioni ulikuwa umekakamaa asubuhi. Mwisho kabisa ukingo wote hufunikwa kwa uzi mpana unaoficha matundu.

Viti vitatu sasa vinakaliwa kila siku. Cha nne duara lake limepasuka pale zinapoungana ncha zake, nami nimeligundisha na kulibana kwa kamba. Sitakiwamba mpaka nihakikishe kuwa kiungo hicho kinastahimili uzito wa mtu.