Siku moja ya fundi injini: Surf, gasketi na herufi D

Watu wakituona tumelala chini ya magari, ovaroli nyeusi kwa oili, hudhani kazi yetu ni nguvu za mikono na kubahatisha. Naomba niwaonyeshe siku moja tu ya kufunga gasketi ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, muone ni kazi ya vipimo.

Saa kumi na mbili na nusu nafungua geti la gereji, Buguruni. Dogo anayejifunza kazi ameshafika, anafagia. Chai, chapati, kazi.

Saa moja namalizia Toyota IST ya dada mmoja wa duka la dawa. Injini ya 1NZ haisumbui: hedi ikishakuwa imenyooka, isizidi kupinda milimita 0.05, unaweka gasketi mpya, unakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni kwa niutoni mita 29, kisha kila moja unaizungusha nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Saa tatu kasoro imewaka na kuondoka.

Saa tatu naigeukia Toyota Surf. Hii ina injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye tabo. Bloku yake, mwili wa injini wenye silinda, ni ya chuma, hedi ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kati ya hivyo viwili imelala gasketi, inazuia moto wa silinda, maji na oili visikutane. Injini ikichemsha, hedi inapinda au inapasuka, na gasketi ndiyo inayolaumiwa.

Mwenye gari ni mzee wa biashara ya mbao, wa Mafinga. Gari lilichemsha likipanda mlima Kitonga, dereva wake akamwagia maji ya baridi injini ikiwa ya moto vilevile. Tulipoifungua, oili ilikuwa kama chai ya maziwa. Hedi tukaipeleka kwa wachongaji, wakaijaza upepo na kuitumbukiza kwenye maji ya moto, mapovu yakatokea katikati ya valvu. Imepasuka. Mzee amelazimika kununua hedi nyingine, na nayo ikapimwa vivyo hivyo kabla ya kuletwa kwangu. Kwa hiyo namwelewa akifika hana uso wa kucheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Gasketi hii hapa, nimenunua mwenyewe. Saa tisa nataka gari langu."

Naitoa kwenye karatasi, naitazama pembeni. Imeandikwa B.

Wengi hawajui kwamba 1KZ haina gasketi moja. Zipo B, D na F, nyembamba hadi nene, na kila herufi inapishana na inayofuata kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Pistoni za dizeli hii zikifika juu hutokeza kidogo kuupita uso wa bloku. Zikitokeza sana unahitaji gasketi nene, zikitokeza kidogo unaweka nyembamba. Ukiweka nyembamba pasipostahili, pistoni inaisogelea hedi na valvu kuliko inavyotakiwa. Ukiweka nene kupita kiasi, mgandamizo unashuka, na dizeli huwaka kwa mgandamizo: gari litasumbua kuwaka asubuhi ya baridi ya Mafinga, na litatoa moshi.

Nikamwambia, "Mzee, bado sijapima. Nikipima nitajua kama hii inafaa."

"Fundi, risiti imeandikwa 1KZ. Gari ni 1KZ. Nyie mnataka tu nirudi dukani kwa rafiki yenu."

Maneno hayo yanauma, nayasikia mara nyingi. Sikubishana. Nilimsogezea kigoda karibu na injini, nikamwomba aangalie.

Uso wa bloku tulishausafisha kwa mkono, taratibu. Sikubali jiwe la grainda hapo, wala diski ya msasa, maana unga wake unaingia kwenye oili na kwenda kula beringi. Nikaweka geji ya mshale yenye sumaku, nikaiweka sifuri kwenye uso wa bloku. Dogo akawa anazungusha krenki polepole, pistoni inapanda, mshale unatembea, unasimama, unaanza kurudi. Pale uliposimama ndipo unaposoma. Kila pistoni unaipima sehemu mbili, pistoni nne, vipimo vinane, na unachagua gasketi kwa kipimo kikubwa kuliko vyote. Kilikuwa cha silinda ya tatu, na kwenye jedwali la kitabu kikaangukia D.

Mzee akaguna. "Hiyo tofauti si unene wa unywele tu?"

"Ndiyo mzee, ni unywele. Na injini hii inaujua."

Nikapima tena vyote mbele yake, ikaja D. Akanyanyuka, akapiga simu, akasema anakwenda mwenyewe kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani kubadilisha. Nikamwandikia herufi kwenye karatasi, nikampa na gasketi ya zamani akailinganishe. Akadandia bodaboda.

Alirudi saa nane kasoro, jua limemchoma, ameshika F. Muuzaji amemwambia D zimekwisha, na kwamba hii ni nene zaidi kwa hiyo ni imara zaidi.

Hapo nilichoka. Si kwa sababu ya mzee, yeye ni mtu wa mbao, atajuaje? Nimechoshwa na mtu anayekaa nyuma ya meza ya spea miaka yote na bado anauza unene kana kwamba ni blanketi. Nikavua ovaroli, nikaenda mwenyewe. Duka la kwanza hawana. La pili wanayo, lakini ukingo unaozunguka tundu la silinda umekunjika, nikaikataa. Mbele zaidi nikapata D safi, iko bapa ndani ya boksi lake, pamoja na bolti mpya. Zile za zamani nilishazipima unene kwa venia na baadhi zimekonda. Bolti hizi hukazwa hadi zinavutika, na iliyokonda haibani tena inavyopaswa. Foleni ya kurudi sitaki hata kuisimulia.

Jioni ilikuwa imeshaingia tulipoanza kufunga. Nikapitisha rula ya chuma juu ya hedi, mshazari na pembeni, fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake, nikahakikisha na kina cha valvu. Dogo akapuliza kila tundu la bolti kwa upepo. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti ikishuka haina pa kuisukuma, na bloku inaweza kupasuka. Mzee akauliza silikoni iko wapi, fundi wake wa zamani alikuwa anapaka. Nikamwambia kati ya hedi na bloku hapapakwi chochote, gasketi inakaa kavu. Oili kidogo kwenye nyuzi za bolti na chini ya kichwa chake, basi.

Kukaza ndiko kunakomaliza mgongo. Toki renchi, katikati kwenda nje, kwa awamu, kisha alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti, robo mzunguko, zamu nzima iishe, robo mzunguko tena. Wakati huo sizungumzi na mtu na simu naizima. Dogo alishika taa bila kutikisika, nami namheshimu kwa hilo.

Tukafunga mkanda wa taimingi, nozeli, mabomba. Tulipofika kwenye nyumba ya themostati tukakuta tupu. Mtu aliitoa zamani, akidhani injini itapoa zaidi. Kwa injini nyingi za Toyota ni kinyume: themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato, na isipokuwepo sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Nilikuwa na mpya kabatini. Nikamwonyesha mzee, nikamweleza, akaitazama muda mrefu.

"Iweke," akasema.

Iliwaka usiku. Tuliiacha ikiunguruma kifuniko cha rejeta kiko wazi, hita imefunguliwa, hewa ikitoka, kulanti ikiongezwa hadi mapovu yakaisha kabisa. Mzee alitaka aondoke nalo usiku huohuo. Nimemkatalia, na safari hii hakubishana. Asubuhi injini ikiwa baridi nitaangalia kwanza maji yamesimama wapi na oili ina rangi gani. Vikiwa sawa, tutalipandisha vilima vya Pugu, mzee mwenyewe akiwa kwenye usukani na mimi pembeni nikiangalia mshale wa joto.