Wiki tatu na pikipiki nzito

Pikipiki niliyoisubiri bandarini mwezi mzima sasa ina wiki tatu nyumbani kwangu Mbezi, na kwa kuwa jana nimerudi kutoka Mafinga, nimeona niandike kabla sijaizoea. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami sitaki baadaye nijidanganye kwamba siku za mwanzo zilikuwa asali tupu. Ni Yamaha FJR1300 ya mwaka 2014, iliyotumika Japani, yenye injini ya silinda nne na ujazo wa cc 1,298. Upya wake, kwa hiyo, ni kwangu tu.

Kilichonishtua kwanza si kasi bali uzito. Tangi likijaa, pikipiki hii inakaribia kilo 290, yaani inazidi Boxer mbili, zile pikipiki za bodaboda, zilizofungwa pamoja. Ikishatembea uzito huo hausikiki kabisa, lakini uani, ninapoisukuma kinyumenyume ili niitoe getini, nahangaika nayo kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda machinjioni. Siku ya tatu nilisimama pembeni ya kituo cha mafuta, nikaweka mguu wa kushoto juu ya kokoto, mguu ukateleza, na pikipiki ikalala taratibu bila mimi kuweza kufanya lolote. Vijana watatu wa bodaboda waliacha kijiwe chao wakaja mbio. "Pole mzee, hujaumia?" Tuliinyanyua wanne, na boksi la pembeni likabaki na mchubuko ambao mpaka leo sijamwonyesha mama watoto.

Mmoja wao alichuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, akachungulia upande huu, kisha upande ule, akauliza, "Cheni yake iko wapi?" Nilimweleza kwamba haina cheni, na kwamba nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu kwa shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka, iliyofichwa ndani ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Alipapasa lile bomba nene, akatafakari, akasema, "Sasa hii ikigoma njiani, mzee, nani ataigusa?" Nilicheka, lakini swali lake sijalijibu. Tairi la nyuma ni la kipimo cha 180/55 rimu 17, na katika maduka manne ya vipuri niliyopita, wauzaji walinitazama kama niliyeulizia tairi la ndege.

Safari ya Mafinga niliianza saa kumi alfajiri ili niukimbie msongamano wa Kimara na Kibaha, kwa sababu nilishajua kwamba injini hii, ikitembea polepole nyuma ya malori, inamwaga joto mapajani hadi suruali inakuwa kama imetoka kupigwa pasi. Baada ya Chalinze nilianza kuelewa nilichonunua. Kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa umeme; ukikipandisha, upepo unapita juu ya kofia na unaweza kuisikia injini yenyewe, ambayo hata katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa inanguruma kwa chini tu, kama inayosubiri kuambiwa jambo. Hata hivyo, nafasi ya kuiambia ni chache. Kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake, askari wa tochi, wale wanaopima kasi, wako kivulini, na ndani ya hifadhi ya Mikumi hakuna mwenye akili timamu anayekimbia huku twiga wakivuka barabara.

Kwa hiyo kasi niliyoilipia nimeitumia kidogo sana, na sioni kwamba nimepunjwa. Katika kona za Kitonga, ambako malori ya Tunduma yanapanda yakihema, kuyapita kulihitaji kuzungusha mkono kidogo tu, wala sikulazimika kupunguza gia kwa wasiwasi kama nilivyokuwa nikifanya na pikipiki yangu ya zamani. Nilijaza mafuta mara moja tu njiani, kwani tangi ni la lita 25 nami napata takribani kilomita 17 kwa lita. Nilipofika Iringa mgongo haukuuma, mikono haikufa ganzi, na nilikuwa na hamu ya kuendelea. Zamani, mwendo kama ule ungenilaza siku mbili.

Kuna swichi moja niliyoicheka sana tangu siku ya kwanza: ya kupasha moto vishikio vya usukani. Nilipomwonyesha jirani yangu, aliuliza kama Wajapani wanajua Dar es Salaam iko wapi. Juzi saa kumi na mbili asubuhi, pale Mafinga, kiti kilikuwa kimelowa umande, ukungu umefunika misonobari, na vidole vyangu havikuweza hata kufunga mkanda wa kofia. Nilimwomba mlinzi wa nyumba ya wageni anifungie. Kisha nikawasha injini, nikaibonyeza ile swichi hadi mwisho, nikakaa palepale dakika tano nzima nimeshika usukani bila kwenda popote.