Ukuta wa mviringo kwenye nyumba ya mbao

Macho ya papa, yaani baba yangu, yamefifia, kwa hiyo nyumbani anatembea mkono ukiwa ukutani. Nyumba yetu ya Ndosho ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano kama nyumba nyingi za hapa Goma, na pale saloni, yaani sebule, inapokutana na njia ya vyumbani kulikuwa na kona kali. Bega lake liliijua vizuri. Mara ya tatu alipojigonga nikasema kona hii ninaiondoa, naweka ukuta unaozunguka. Ilikuwa kona ya kugawa vyumba tu, haikubeba paa. Ingekuwa inabeba nisingeigusa.

Nilianza sakafuni. Nilipigilia msumari mahali pa kitovu, nikachora robo duara yenye nusukipenyo cha sentimita 120 kwa kutumia ufito wenye tundu upande mmoja na kalamu upande wa pili. Kamba niliijaribu kwanza, nikaiacha: ukiivuta kidogo inarefuka, na mstari unakwenda kwake. Nikakata mbao mbili nene zenye mkunjo uleule, moja ya chini na moja ya juu. Ya juu niliilinganisha na ya chini kwa timazi. Katikati nikasimamisha nguzo ndogo 10, zikiachana sentimita 21 hivi. Ukiziachanisha zaidi ya hapo, tripleksi, zile karatasi za mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, inalala bapa kati ya nguzo na nguzo, na duara lako linakuwa na kona kumi badala ya moja.

Tripleksi ndiyo iliyonitoa jasho. Nilinunua za milimita 4, zikaja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kila moja sentimita 122 kwa 244. Mkunjo wangu ulikuwa na urefu wa sentimita 188, nikaona nina akili: nikilaza karatasi kwa ubavu, inafunika yote bila kiungo cha wima. Tulikuwa watu wawili tukiisukuma. Ilifika nusu ikapasuka, paa! Kumbe nyuzi za tabaka la juu la tripleksi zinafuata urefu wa karatasi, na mimi nilikuwa ninazivunja kama mtu anayekunja kuni. Ya pili niliisimamisha wima, nikalowanisha kwa kitambaa upande wa nje, ikakunjika yenyewe karibu. Nikaweka tabaka mbili, viungo visikutane mahali pamoja. Hasara ya karatasi moja sikumwambia mama watoto.

Juu ya tripleksi nikatandaza plastiki, maana mbao ikinywa maji ya plasta inavimba na baadaye inasinyaa. Kisha wavu wa kuku, umepigiliwa kwenye nguzo na kuachwa mbali kidogo na plastiki ili plasta ipite nyuma na kushika.

Kwa plasta niliita fundi. Mtu mzuri, mwiko wake unaruka, lakini alizoea kuta nyoofu. Nilipotoka kwenda kutafuta maji nikakuta anapitisha rula ndefu kwa mlalo, na tayari amechonga ubapa kama wa ngoma iliyokanyagwa. Tuliukwangua kabla haujakauka. Ukuta wa namna hii ni mnyoofu kutoka chini kwenda juu, unapinda kwa upana tu. Kwa hiyo tulipiga kwanza mistari ya plasta ya wima, kila sentimita 60, tukaipima kwa timazi. Nikakata ubao wenye mkunjo wa nusukipenyo cha sentimita 122 na nusu, kuhesabia unene wa tripleksi na plasta, tukauvuta kutoka chini hadi juu ukitembea juu ya mistari miwili. Palipobaki shimo tukajaza, tukavuta tena. Fundi alicheka, akauomba ule ubao. Nilimpa kazi ilipokwisha.

Mchanga wetu mweusi wa lava una kiu. Tuliuchekecha, tukaulowesha kabla ya kuuchanganya, saruji karai moja kwa mchanga karai nne. Tabaka la kwanza tulilichorachora kwa msumari likiwa bichi, likakaa siku mbili. La pili likawa jembamba zaidi. Siku tatu nilimwagilia asubuhi na jioni. Watoto waliobeba bidoni za maji walinilaumu, na walikuwa na haki.

Kabla ya kusugua mwisho nilizima taa, nikaweka tochi ubavuni mwa ukuta. Nikaona uvimbe mmoja. Papa akapitisha kiganja, akasema: «Iko miwili, mtoto wangu. Na huu wa chini ni mkubwa.» Tukasugua yote miwili.

Kabati la mama watoto lilikuwa likisimama upande wa pili wa kona ile, ndani ya chumba. Sasa mgongo wake haugusi ukuta, umebaki mwanya wa shibiri moja. Anasema ni nafasi iliyopotea. Ufagio na viatu vya mvua tayari vimehamia humo.